Mlango Mmoja Mnazi Mmoja

Ukitoka lango la Hospitali ya Mnazi Mmoja ukaifuata Barabara ya Kaunda kuelekea Vuga, hupati hata jasho kabla hujafika kwenye jengo lenye matao la Mahakama Kuu, kazi ya yule Mwingereza John Sinclair aliyeijengea serikali ya kikoloni majengo mengi ya mji huu wa Zanzibar. Bustani ya Victoria iko upande wa pili wa barabara. Polisi Madema nako si mbali, ni kuuzunguka uwanja wa Mnazi Mmoja tu. Kwa miguu, daktari, polisi na hakimu wa Unguja ni majirani wa siku nyingi. Kwa makaratasi walikuwa mbali mno, na aliyewatembelea wote watatu alikuwa ni mama aliyemshika mtoto mkono.

Utaratibu wa zamani wanaujua wengi. Mama anagundua mwanawe kaharibiwa. Anamkogesha, maana hilo ndilo jambo la kwanza mzazi yeyote analofanya, na nguo anazifua. Kisha anakwenda hospitali, anaambiwa hatibiwi mtu wa kesi bila PF3, karatasi ya polisi. Anakwenda polisi, anasimama kwenye kaunta pamoja na walioibiwa baiskeli na waliogombana sokoni, na hapo, kwa sauti ya kusikika, anaulizwa mtoto kafanywa nini. Anarudi hospitali na karatasi. Daktari aliyekuwepo asubuhi keshatoka. Kesho tena. Akishaandikiwa, karatasi inarudi polisi, na kutoka polisi inakwenda kwa waendesha mashtaka, na baada ya hapo mama anangoja. Mtoto anaeleza yaleyale kwa watu watano wasiojuana, na kila anapoeleza anapunguza kidogo, kwa aibu au kwa kuchoka. Mwisho anafika mbele ya hakimu akiwa na maelezo matano yasiyofanana, na wakili wa mshitakiwa anafurahi.

Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa hapo Mnazi Mmoja mwaka 2011 ili kuikata safari hiyo. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake nchini Tanzania. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: aliyefikwa na mambo asiwafuate watu, watu wamfuate yeye. Daktari, mnasihi, ofisa wa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia wawe ndani ya mlango mmoja, na maelezo yachukuliwe mara moja.

Lakini taasisi haianzi siku inapokatiwa utepe. Hii ina mizizi mirefu, na baadhi yake haipendezi kuitazama.

Miaka ya 1920, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba juu ya kisa kilichotokea Unguja. Wimbo unaitwa Kijiti. Mgeni mwanamke kutoka Dar es Salaam alitoka na watu kwenda kustarehe, akauawa. Anayesimuliwa kuwa ndiye muuaji akavuka maji akaenda zake, na waliobaki kubanwa na mahakama ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Siti, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri na ambaye baadaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, hakuwa na ofisi wala chama. Alikuwa na sauti na kikundi cha wapigaji, na mji mzima ulimsikiliza. Inafaa kukumbuka hili kila anapotokea mtu kusema kwamba kuyatoa mambo haya hadharani ni utamaduni wa wageni. Watu wa Ng'ambo walikuwa wakiyaimba kabla mfadhili yeyote hajatua.

Yaliyofuata baada ya uhuru na Mapinduzi yanasemwa kwa sauti ya chini zaidi. Mwaka 1970 wasichana wa jamii ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Magazeti ya nje yalipiga kelele. Hapa nyumbani watu walinong'ona. Mwaka 1985 ikapitishwa sheria iliyobeba jina la kuwalinda wanawake wasioolewa, wajane na walioachwa, na kinga yenyewe ilikuwa kwamba mwanamke aliyeshika mimba nje ya ndoa angeweza kufungwa jela. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mambo mawili hayo yalikaa nchi moja kwa miaka 20 bila kugombana, kwa sababu mmoja ulikuwa ukisomwa mikutanoni na nyingine mahakamani. Sheria Namba 4 ya 2005 ndiyo iliyoiondoa ile ya 1985 na kifungo chake kwa mama mja mzito, ikaweka kazi za kuihudumia jamii mahali pake. Wasichana waliozaa nao wakafunguliwa njia ya kurudi skuli, miaka mingi kabla ya bara, ambako ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2021.

Msichana aliyebakwa akashika mimba, akijua kwamba tumbo lake ndilo ushahidi dhidi yake mwenyewe, angekwenda kumshitaki nani? Kwa hiyo sheria ya 2005, ingawa haitajwi sana katika hotuba za kumbukumbu, ni sehemu ya msingi wa kituo hiki. Bila hiyo mlango ungefunguliwa na asingeingia mtu.

Msingi mwengine uliwekwa na vyama. Mwaka 1987 wanahabari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, jijini Dar es Salaam, akiwemo Fatma Alloo, mtoto wa Zanzibar, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa miongoni mwa waasisi wa tamasha la filamu la ZIFF hapa Mji Mkongwe. Jarida lao waliliita Sauti ya Siti, na huna haja ya kuuliza Siti yupi. TAMWA ilipojenga makao Zanzibar, ambayo sasa yako Tunguu na kwa miaka mingi yaliongozwa na Dkt. Mzuri Issa, iliifanya kazi moja isiyo na mbwembwe: kuwafundisha waandishi kuifuata kesi hadi hukumu badala ya kuandika tukio siku ya kwanza na kulisahau. Anayejua magazeti yetu anajua ugumu wa hilo. Tukio lina kichwa cha habari. Kuahirishwa kwa kesi mara ya saba hakuna.

Mwaka 1992 Profesa Haroub Othman na wenzake walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Haroub, aliyefariki Juni 2009, alikuwa mtu wa siasa na wa kitabu, lakini urithi wake unaoonekana mashamba ni wasaidizi wa sheria: watu wa kawaida, walimu, wakulima, mama wa nyumbani, waliofundishwa sheria za msingi na kurudishwa majimboni kwao. Jirani akitaka kujua kama mumewe anaweza kumfukuza nyumbani bila kitu, haendi mjini, anakwenda kwa fulani nyumba ya tatu. Wanasheria wanawake nao wakaunda jumuiya yao, ZAFELA, mwaka 2003. Wakaanza kusimama mahakamani bila malipo na kuuliza maswali ya aibu kuhusu mahakama za kadhi, hasa lile la mke anayeachwa baada ya miaka 30 akatoka na sanduku la nguo katika nyumba aliyoijenga kwa fedha za maandazi na mwani.

Kisha ukaja utafiti. Mwaka 2009 timu ya UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa iliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, bara na visiwani, na matokeo yakatangazwa Agosti 2011. Swaziland walikuwa wameshafanya utafiti kama huo mwaka 2007, lakini waliwauliza wasichana tu. Tanzania iliuliza na wavulana. Kwa Zanzibar jibu liliwashitua wengi: wasichana kiasi cha 6 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana 9 katika kila 100. Wavulana wengi kuliko wasichana! Kwa kupigwa, zaidi ya sita katika kila wasichana kumi na wapatao saba katika kila wavulana kumi. Waliokuwa wakisema hili ni jambo la bara, kwetu watu wana dini, walikuta namba zikiwasubiri mezani. Ni kweli kwamba za bara zilikuwa kubwa zaidi, hasa kwa wasichana. Hilo halikumsaidia mtoto wa Kikwajuni.

Mwaka huohuo wa 2011 ulizaa Sheria ya Mtoto Namba 6, na mwaka huohuo, kwa msaada wa shirika la Save the Children, wizara iliyoshika ustawi wa jamii ikafungua mlango wa Mnazi Mmoja. Wizara hiyo imebadili jina mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wenyewe wakikosea usiwacheke: imekuwa ya Ustawi wa Jamii, ikawa ya Uwezeshaji, sasa ni ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Mawaziri, Zainab Omar Mohammed, Moudline Castico, Riziki Pembe Juma, wamepokezana, kituo kikabaki.

Jengo lenyewe la hospitali limezoea kubadilishwa jina. Lilijengwa enzi za Sultani kwa fedha za ukoo wa Karimjee Jivanjee na likabeba jina lao. Baada ya Mapinduzi likaitwa V. I. Lenin, leo watu wanasema Mnazi Mmoja basi. Kwamba kituo kiliwekwa hospitali, wala si polisi wala si mahakamani, ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Mwanamke anayeonekana akiingia kituo cha polisi, mtaa mzima utauliza. Anayeonekana akiingia Mnazi Mmoja kaenda kupimwa presha.

Ndani, kazi inafuata saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Za kuzuia mimba zina siku zake chache. Alama za mwilini, kwa mtoto hasa, hupona haraka, na daktari akichelewa anabaki kuandika kwamba hakuona kitu, maneno ambayo mahakamani husomwa kana kwamba hakukuwa na kitu. Kwa hiyo anayepokea hapo huuliza kwanza lini, na huliuliza kwa upole. Nguo za siku ile ziko wapi? Zimefuliwa? Ziletwe vivyo hivyo, kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Mnasihi hukaa na mtoto, polisi wa dawati haji na sare wala bunduki, na ofisa wa ustawi anauliza swali ambalo zamani hakuliuliza mtu yeyote: leo usiku mtoto huyu atalala wapi, na nani mwengine analala nyumba hiyo?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu mara nyingi anayetuhumiwa anakula sahani moja na aliyeletwa. Ni baba mdogo, ni mjomba, ni mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha mama mwenyewe kusoma, ni jirani ambaye mwaka jana ndiye aliyetoa gari kumpeleka bibi hospitali. Mgeni asiyejulikana yupo katika hadithi za kuwatisha watoto kuliko alivyo katika faili.

Na hapo ndipo kituo hukutana na kitu ambacho hakina chumba wala karatasi, nacho ni muhali. Kila Mzanzibari anakijua. Wazee wanakuja baada ya Isha, wanakaa barazani, wanapewa kahawa. Hawakanushi. Wanasema jambo limetokea, shetani kapita, lakini sisi ni watu wamoja, tumalizane. Kuna fedha kidogo za kumpooza mama, au kuna pendekezo la ndoa, ambalo huitwa sitara. Mama akikataa anaambiwa anataka kumfunga mtoto wa nduguye. Kama anamtegemea mume, na mtuhumiwa ni ndugu wa mume, anaweza kuambiwa waziwazi kwamba akienda mahakamani talaka itamkuta njiani. Wiki tatu baadaye kesi inaitwa, shahidi wa kwanza hayupo. Wa pili anakuja, anasema yeye hakuona, alisikia tu. Mtoto kapelekwa Pemba kwa shangazi. Hakimu hana la kufanya; mwendesha mashtaka anaomba kuiondoa kesi.

Nimewasikia watu mjini wakilaumu polisi kwa hali hii, wakilaumu mahakimu, wakisema rushwa. Rushwa ipo. Lakini muhali unaua kesi nyingi zaidi, na unaziua bure, bila senti kubadilisha mkono, na wanaoziua ni watu wema ambao ukiwakuta msikitini utawaamkia kwa heshima. Mimi siamini kwamba watu hao hawana huruma na mtoto. Wana huruma na kila mtu, na katika kuwahurumia wote mtoto anakuwa wa mwisho, kwa kuwa ndiye mdogo na hajui kuomba.

Kwa hiyo historia ya Mkono kwa Mkono haikubaki ndani ya hospitali. Ilibidi iende kwenye shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Sheha, kwa sheria, ni mtu wa serikali mwenye baraza la wazee 12 wa kumshauri. Kwa desturi ni msuluhishi, na desturi ilikuwa ikishinda sheria. Kamati za shehia za kupinga udhalilishaji zilianzishwa zikiwa na sheha, msaidizi wa sheria, mwalimu, imamu, mkunga, kijana, na mtu mwenye ulemavu, ingawa huyo wa mwisho mara nyingi aliingizwa kwenye orodha na kusahauliwa kwenye kikao. Kazi yao ya kwanza si kukamata mtu. Ni kuhakikisha kwamba wazee wakija barazani baada ya Isha, wanakuta faili limeshafunguliwa mjini, na kwamba sheha hana tena mamlaka ya kulirudisha. Hapo sheha mwenyewe hupata pa kujifichia: anaweza kumwambia binamu yake kwamba jambo limeshatoka mikononi mwake. Muhali hauondoki kwa kuhubiriwa. Unaondoka kwa kumpa mtu sababu ya kusema hapana bila kuonekana ndiye aliyesema.

Simu nayo ilisaidia. Namba 116 ya kuomba msaada wa mtoto, ya bure, ilipoanza kutangazwa Unguja, ilikuwa tayari maarufu kwa jambo jengine: ni namba ya gari la Nungwi. Wenye kutangaza walipata kazi ya ziada ya kueleza kwamba hii haihitaji nauli.

Nauli ilikuwa hoja ya kweli. Mtoto wa Makunduchi alikuwa akipandishwa gari la 310 alfajiri, akiwa na maumivu, pamoja na abiria wanaomjua na wenye kuuliza mnakwenda wapi asubuhi yote hii. Saa 72 zinaanza kuhesabiwa kijijini, siyo mjini. Ndiyo sababu vituo vingine vilifunguliwa, Kivunge kwa watu wa Kaskazini na Makunduchi kwa watu wa Kusini, na Pemba huko Chake Chake na Wete. Vyote viliwekwa ndani ya hospitali, kwa busara ileile ya Mnazi Mmoja.

Mwaka 2014 Rais Ali Mohamed Shein alizindua kampeni ya miaka miwili ya kukomesha udhalilishaji wa wanawake na watoto, na neno udhalilishaji likaingia kwenye khutba, kwenye maigizo ya skuli na kwenye redio za jamii. Kampeni za namna hiyo huwa na fulana nyingi. Hii ilizaa pia Mpango Kazi wa Taifa wa 2017 hadi 2022, ambao angalau uliandika nani anawajibika kwa lipi, kutoka wizarani hadi shehia.

Mabadiliko ya sheria ndiyo yaliyokuwa na meno. Sheria ya ushahidi iliyokuwa ikitumika ilitoka enzi za ukoloni, na mtoto mdogo alipotoa ushahidi mahakama ilitafuta mtu mwengine wa kuunga mkono, kana kwamba mambo haya hufanywa mbele ya halaiki. Sheria ya Ushahidi Namba 9 ya 2016 ikaleta utaratibu mpya. Mwaka 2017 Sheria ya Mahakama ya Kadhi ikaipa mahakama hiyo uwezo wa kugawa mali waliyochuma mume na mke, ushindi wa moja kwa moja wa wale wanawake wa ZAFELA na wenzao. Wapo wanaoona hilo ni suala la ndoa, halihusiani na ukatili. Muulizeni yule mama aliyeogopa talaka njiani. Anayejua kwamba hatoki mikono mitupu huweza kufika mahakamani kutoa ushahidi. Mwaka 2018 zikaja Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai, na hii ya pili ikazuia dhamana kwa makosa kama kubaka na kulawiti, na mwaka huo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa sheria wa majimboni baada ya miaka mingi ya kufanya kazi kwa hisani.

Kuzuia dhamana kulipigiwa makofi kuliko yote. Mimi nina shaka nalo kidogo. Mtuhumiwa akikaa ndani miezi, shinikizo la familia yake juu ya mashahidi huongezeka, halipungui, maana sasa wana mtu wa kumtoa. Kitu kilichohitajika ni kasi. Mwaka 2021, baada ya Rais Hussein Ali Mwinyi kuingia madarakani, zikaanzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, na kesi ambazo zamani zingekula miaka zikaanza kuhesabiwa kwa miezi. Shahidi anayeitwa mwezi ujao bado ana hasira. Anayeitwa baada ya miaka mitatu ameshaalikwa harusi tatu na familia ya mshitakiwa.

Kuna kundi ambalo mlango huu, pamoja na yote, ulichelewa kulipokea: watu wenye ulemavu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985; jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, mwaka 1999; Sheria ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2006. Wanawake wenye ulemavu wana jumuiya yao wenyewe, JUWAUZA, iliyotokana na kuchoka kuwa ajenda ya mwisho katika mikutano ya wanaume wenye ulemavu na vilevile ya wanawake wasio na ulemavu. Wao ndio waliouliza: kituo kina mlango mmoja, lakini mlango huo una ngazi ngapi?

Chukua msichana kiziwi wa kijijini ambaye hakupelekwa skuli. Lugha ya alama rasmi haijui. Ana ishara za nyumbani ambazo mama yake na kaka yake tu ndio wanaozielewa. Akiletwa kituoni, mkalimani aliyesomea anaweza asimpate kabisa. Mama atafsiri? Mama ni shahidi na ni mwenye uchungu; mahakama itasema kaongeza. Kaka? Na kama ni kaka? Au chukua msichana mwenye ulemavu wa akili anayejua vizuri nani na wapi lakini ukimuuliza saa ngapi anajibu baada ya watu kutoka kusali. Hilo ni jibu kamili kwa anayetaka kulielewa, na Unguja nzima tunapanga shughuli zetu kwa adhana, lakini kwenye fomu kuna kisanduku kinachotaka tarehe na saa. Waliofanya kazi ya kuwafundisha polisi na waendesha mashtaka kuuliza kwa njia nyingine, kwa picha, kwa mwanasesere, kwa kumwacha mtu aoneshe badala ya kusema, ni watu wa jumuiya hizi, na walifanya hivyo kesi kwa kesi.

Wavulana nao walisubiri. Matokeo ya utafiti wa 2009 yalikuwa wazi, lakini kwa muda mrefu picha kwenye mabango ilikuwa ya msichana aliyeinamisha uso. Baba anayejua kwamba mwanawe kalawitiwa huogopa jina la mtoto kuliko maumivu yake. Anataka asitajwe popote, ahamishwe chuo, ikae hivyo. Kituo kimewapokea wavulana tangu mwanzo. Jamii ndiyo iliyochukua muda kuwaleta, na bado wanaoletwa ni wachache mno kuliko wale waliowaambia watafiti.

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu ya matukio yaliyoripotiwa, wilaya kwa wilaya. Ni jambo la kujivunia, maana serikali nyingi hazitaki kujihesabu hivyo hadharani. Mwaka 2022 yalikuwa zaidi ya 1,300 kwa visiwa vyote. Mwaka 2023 yakapindukia 1,900, na wengi wa waliofikwa ni watoto. Kila hesabu ikitoka kuna mabishano yaleyale redioni: mmoja anapiga simu kusema nchi imeharibika, mwengine anapiga kusema vituo havifanyi kazi. Namba zinazopanda baada ya kufunguliwa milango zinaweza kuwa dalili ya watu kuijua njia, na zinaweza pia kuwa dalili ya mambo kuzidi, na zinaweza kuwa vyote viwili kwa pamoja. Hakuna asomaye jedwali akaweza kutenganisha. Wilaya za Mjini na Magharibi huongoza, huko watu ni wengi, vituo viko karibu na jirani hana udugu nawe. Chini ya jedwali zimo wilaya zenye matukio machache, pengine tarakimu moja kwa mwezi mzima, ambako kila mtu ni binamu wa sheha. Hizo ndizo ninazozisoma mara mbili.